Hivi hizi tamthilia za Kikorea za bosi na katibu wake zina nini? Nimenasa

#1 Fundi Saa
Wakuu habari zenu. Nauliza, na anayetaka kucheka acheke kwa sauti ya chini.

Mke wangu, mdogo wake, na mama mkwe (yupo kwangu wiki ya tatu, amekuja kutibiwa macho) kila ikifika saa tatu usiku wanakaa sebuleni na "What's Wrong with Secretary Kim". Taarifa ya habari kwangu imebaki historia. Juzi nikavuta kiti nikakaa pembeni na kikombe cha kahawa, nia yangu niwasimange dakika tano halafu nikalale. Nimenyanyuka pale saa saba usiku.

Nilichokiona ni hiki. Kijana tajiri anayejipenda kupita kiasi, akipita kwenye kioo lazima ajisifu. Katibu wake amekaa naye miaka 9. Asubuhi anamfunga tai. Basi, anamfunga tai tu! Lakini mama mkwe alikuwa ameuma pindo la kanga kama anaangalia mtu anavuka mto uliofurika. Na macho yenyewe ndiyo hayo anayotibiwa.

Hakuna ngumi, hakuna bastola, hakuna mchawi. Ofisi, mafaili, na watu wawili wanaoangaliana. Mwanaume mzima mwenye ndevu niko episodi ya 11. Kuna nini mle ndani?

#2 Nyundo
Pole mkuu, umeshakwenda. Hiyo kama sikosei ni ya 2016, ina episodi 20. Bado safari ndefu, nunua bando la maana.

#3 Kipepeo Mweusi
Nyundo acha kupotosha watu. Ni 2018, ilirushwa na kituo cha tvN cha Korea kuanzia Juni mpaka Julai, episodi 16. Bosi, Lee Young-joon, anachezwa na Park Seo-joon, na katibu, Kim Mi-so, na Park Min-young. Fundi Saa umebakiza tano, na ole wako uzimalize bila mkeo.

#4 Mwana wa Makorora
Mimi naona siri ni mwendo. Filamu zetu dakika ya kumi wameshaoana, ya ishirini mama mkwe ameshaweka sumu kwenye chai. Mkorea anakuuzia mkono kugusa mkono kwa bei ya episodi nzima, na ukigusa anakurudishia tena kwa kamera tatu.

Ile sehemu ya kiti mmefika? Bosi anamsogelea katibu ambusu, anafumba macho, halafu ghafla anamsukuma. Kile kiti cha ofisini kina magurudumu! Dada wa watu anateleza kinyumenyume kama kibegi cha uwanja wa ndege. Nilirudisha mara sita. Episodi zote ulizokaa kusubiri busu, ukalipwa kwa mlio wa magurudumu.

#5 Bi Mkubwa Kikwajuni
Miye naangalia kwa sababu naweza kuangalia na mtu yeyote. Enzi za Kimexico tulikuwa tunakaa na wazee, mara wale watu washaingia chumbani, basi kila mmoja anakumbuka chungu chake jikoni. Baba anakohoa, rimoti haionekani. Hizi za Kikorea nakaa na mkwe wangu wa kiume sofa moja, mwanzo mpaka mwisho, na heshima ya mtu imebaki pale pale.

#6 Jogoo la Shamba
Mnazunguka mbuyu. Ni HELA. Toa lile gari, toa ile nyumba, toa zile suti, mfanye Young-joon awe ana duka la vifaa vya ujenzi Mbagala halafu aanze kujisifu kwenye kioo. Mngemwita mgonjwa. Mwenye hela anaitwa "ana haiba".

Wakorea wenyewe wana neno kwa zile familia zinazomiliki makampuni makubwa, chaebol. Kila tamthilia mjukuu wa chaebol anampenda binti wa kawaida. Nchi nzima ina vijana wangapi wa hivyo? Hawatoshi hata kata moja.

#7 Kipepeo Mweusi
Jogoo, kama ni hela mbona tunampenda Go Gwi-nam? Yule mfanyakazi hodari mwenye suti moja tu, anaivaa kila siku ili abane matumizi. Bila gari, bila kioo, na nilimlilia kuliko bosi.

#8 Sukari Guru
Gwi-nam ndiye mimi. Nina suruali nyeusi moja ya kazini. Ofisi nzima wanadhani ninazo sita zinazofanana na mimi ni mtu wa msimamo. Jumamosi naifua, mvua ikinyesha Jumapili basi Jumatatu naenda na ubichi kiunoni.

#9 Nyundo
Sukari Guru mbavu zangu 😂😂

Haya nakubali 2018. Lakini hii imetolewa kwenye katuni za mtandaoni, hapo hamnidanganyi.

#10 Kipepeo Mweusi
Nusu umepata. Ilianza riwaya ya Jeong Gyeong-yun, ya 2013. Ikaja katuni ya mtandaoni, ndipo tamthilia. Na 2024 Wafilipino wakatoa ya kwao, Kim Chiu na Paulo Avelino. Nimeiangalia episodi mbili nikarudi Seoul.

#11 Mbongo Daejeon
Salamu kutoka Daejeon. Niko Korea mwaka wa nne kwa masomo, na likizo nimewahi kufanya kazi za muda kwenye ofisi zao, kwa hiyo niwarekebishe kidogo.

Kwanza Young-joon si mkurugenzi, ni makamu mwenyekiti, bu-hoejang. Cheo hapa si mapambo. Hakuna anayemwita mkubwa wake kazini kwa jina tupu, ni cheo halafu unaongeza "nim" mwishoni kama heshima. Mkuu wa idara ni bujang-nim, mkuu wa kampuni daepyo-nim. Wale mnaoandika "oppa" (dada anavyomwita kaka yake au mpenzi wake) kila mahali, jaribuni kumwita bosi wa Kikorea oppa Jumatatu asubuhi halafu mnipe mrejesho.

Pili, kuna kitu manukuu ya chini hayawapi. Kikorea kina namna mbili kuu za kusema, ya heshima na ya kawaida, na kitenzi chenyewe kinabadilika mkia. Mi-so miaka 9 yote anasema ya heshima. Hata wakiwa wapenzi bado anamwita kwa cheo. Siku lugha inapolegea kidogo, Mkorea anayeangalia anasikia mlango umefunguliwa. Ninyi mnaona sentensi ya kawaida, "umekula?", mnajiuliza kwa nini dada wa jirani anapiga kelele.

Tatu, jambo ambalo sijaona mtu analisema. Ile tamthilia ilikuwa hewani Julai 2018. Tarehe mosi Julai 2018 ndiyo ilianza sheria ya kazi isiyozidi saa 52 kwa wiki, kwa kuanzia na makampuni ya watu 300 na zaidi. Sasa mfikirie mtu anatoka kazini usiku, anawasha runinga, anamwona mwanamke anasema nimechoka, naacha kazi, nataka kuishi maisha yangu. Kwa Wakorea wengi mapenzi yalikuwa achari tu. Wali wenyewe ulikuwa ile barua ya kuacha kazi.

#12 Fundi Saa
Mbongo Daejeon umenifungua macho. Kumbe mke wangu anaposema "hapo kambadilishia sauti" alikuwa sahihi, na yeye Kikorea hajui hata salamu.

Ila achari na wali hapana mkuu. Kwangu mama mkwe hajawahi kuajiriwa, ana shamba la mihogo Kisarawe. Amechoshwa na kazi ya nani hapo?

#13 Chale wa Mvita
Mwenzangu, Mombasa tuko wengi. Lakini msiwape Wakorea sifa ya kuanzisha. Bosi na katibu wake ilifanywa Colombia, "Yo soy Betty, la fea", 1999 hadi 2001. Betty alikuwa msomi wa uchumi kaajiriwa ukatibu, yuwajua hesabu za kampuni kuliko bosi mwenyewe. Dunia nzima ikaigeza. Wakorea wamepika tu kwa mafuta mapya.

#14 Mwana wa Makorora
Chale, Betty ilikuwa na episodi 300 na kitu. Mtoto anazaliwa ikianza, anaingia chekechea bado bosi hajajua anampenda nani. Hiyo nayo ni sababu: Mkorea anamaliza. Kumi na sita, wanaoana, kwaheri. Hizi nyingine tunaanza na msichana mmoja, tunamalizia na mwingine amevaa sura yake.

#15 Bi Mkubwa Kikwajuni
Na pia mmesahau kabla ya Wakorea tulikuwa na Doudou. "Doudou na Mama Wakwe Zake", TBC, 2011, Wachina wanasema Kiswahili kizuri kuliko watoto wa siku hizi. Mpaka Rais Xi alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake.

#16 Nyundo
Bi Mkubwa, Doudou ilikuwa tamu lakini haikuwa ya ofisini. Ile ilikuwa vita ya wakwe.

#17 Bi Mkubwa Kikwajuni
Mwanangu, ukoo ni ofisi. Una bosi, una masijala ya umbeya, na mshahara haupandi.

#18 Dada Masijala
Nimekuwa nasoma tu kimya kimya, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Mimi ni katibu muhtasi, mwaka wa 14 sasa. Ofisi siitaji. Nimefanya na mabosi wanne, naomba niwaambie ninachokiona mle ambacho Jogoo na hela zake hakioni.

Kazi yangu ni kujua vitu ambavyo havijaandikwa popote. Bosi wangu wa pili, akiingia asubuhi akaweka funguo za gari mezani taratibu, najua siku hiyo faili la madai lisiingie. Akizitupa, ndiyo siku ya kupeleka maombi ya likizo za watu, atasaini yote bila kusoma. Najua kalamu ipi inavuja. Najua mgeni yupi anaambiwa "yuko kikaoni" na yupi anaambiwa "yuko kikaoni kweli". Chai yake maziwa yanaingia mwisho. Watu wanaona napokea simu.

Mwaka fulani nikaumwa malaria, siku nne kitandani. Siku ya kwanza ikapigwa simu: faili la mkataba liko wapi? Ya pili: neno la siri la kompyuta ni lipi? Ya tatu walipiga mara tano, kuhusu ufunguo wa kabati la juu. Ya nne nikaulizwa narudi lini. Nilikuwa nazihesabu zile simu, nikisubiri moja inayoanza na "unaendeleaje". Haikuja.

Sasa angalia episodi ya kwanza. Kim Mi-so anasema naacha kazi. Yule bwana, pamoja na majivuno yake yote, anavurugikiwa. Anamwendea rafiki yake Park Yoo-sik kuuliza kwa nini anaachwa, hapati jibu la kumtosha. Baadaye anamwambia katibu wake waoane, na katibu anamuuliza kama amekunywa! Mimi pale nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji. Bosi mzima amekosa usingizi kwa sababu katibu wake anaondoka.

Gari lake sikulitazama. Nilichotamani ni mtu mmoja astuke.

#19 Sukari Guru
Daah. Dada Masijala karibu sana. Nimesoma mara mbili.

#20 Kipepeo Mweusi
Nakazia #18. Halafu kumbukeni pesa yake Mi-so ilikwenda wapi miaka yote ile: madeni ya baba na karo za dada zake waliosomea udaktari. Wazaliwa wa kwanza wa kike wa Kiafrika mko wapi, njooni mjione.

(Yeye kwenye tamthilia ni mdogo wa mwisho, najua. Kabla Nyundo hajanikamata.)

#21 Nyundo
Nilikuwa nishaanza kuandika 😂

#22 Jogoo la Shamba
Dada Masijala, pole kwa malaria na heshima kwako. Lakini naomba nipinge. Ulichoeleza ni bosi anayestuka kwa kuwa kitu chake kinaondoka. Hata mimi simu yangu ikipotea nakosa usingizi. Miaka 9 alikuwa wapi kumuuliza anaendeleaje? Angestuka mwaka wa pili ningemwelewa.

#23 Wakili Msomi
Ndugu zangu, niharibu sherehe kidogo. Bosi anambusu katibu ofisini na sisi tunashangilia. Hapa kwetu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inahusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, kupandisha cheo au haki nyingine. Hilo ni kosa la jinai. Wakorea nao sheria ya kupinga unyanyasaji kazini ilianza kutumika Julai 16, 2019, mwaka mmoja tu baada ya tamthilia yenu. Na kati ya nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, Korea Kusini ndiyo yenye pengo kubwa kuliko zote kati ya mshahara wa mwanaume na wa mwanamke, kama asilimia 31 mwaka 2022.

Mnaangalia ndoto iliyochorwa juu ya kidonda.

#24 Mwana wa Makorora
Wakili, mtu akiangalia mpira unamsomea Kanuni ya Adhabu kuhusu kupiga teke?

#25 Mbongo Daejeon
Wakili yuko sahihi kwa takwimu. Na mmesahau ile ya Desemba 2014: binti wa mwenyekiti wa shirika la ndege alirudisha ndege getini pale New York kwa sababu aliletewa njugu za makadamia kwenye pakiti badala ya sahani. Njugu! Watu hapa wanawajua wajukuu halisi wa chaebol, hawadanganyiki. Nadhani ndiyo maana wanamtengeneza wa bandia anayejifunza kuomba radhi.

Anayetaka kuona ofisi ya Kikorea kama ilivyo atafute "Misaeng", 2014, episodi 20. Kijana aliyekuwa anafuata baduk, mchezo wa ubao na vijiwe, tangu utotoni, akakwama, anaingia kampuni ya biashara bila shahada. Mapenzi karibu hakuna. Kuna mashine ya kutoa kopi, viatu vya watu, na kunywa pombe na bosi hata kama tumbo linauma, maana chakula cha jioni cha kazini ni kazi. Nililia kwa sababu ya mashine ya kopi.

#26 Dada Masijala
Kaka Wakili, hicho kifungu nakijua kuliko unavyodhani. Bosi wangu wa kwanza aliniambia barua yangu ya kuthibitishwa kazini imekamilika, iko kwenye droo, na ufunguo wa droo ameuacha nyumbani kwake, nipitie jioni. Sikupitia. Barua ilichelewa miezi 19.

Kwa hiyo sioni mle ruhusa ya bosi kumshika katibu. Naona bosi anaomba, anaambiwa hapana, na kesho yake yule dada anaingia kazini, meza yake iko pale pale na hakuna barua iliyopotea. Hiyo kwangu ndiyo hadithi ya kubuni kuliko lile jumba lake.

#27 Wakili Msomi
Hapo sina la kuongeza. Samahani dada.

#28 Ugenini Maskati
Salaam aleikum. Huku Oman nako moto ni ule ule, mabinti wa Kizanzibari na wa Kiarabu pamoja. Ila tuliwahi kuwanunia Wakorea. "King the Land" ya JTBC, 2023, ile ya hotelini ya Lee Junho na Yoona, wakaleta mwana wa mfalme wa Kiarabu, mlevi wa wanawake, anaringia fedha kama juha. Na aliyecheza ni Muhindi! Watu walichachamaa mitandaoni mpaka watengenezaji wakaomba radhi. Shangazi yangu akaapa hatazami tena Mkorea. Aliapa Jumatatu, Ijumaa nikamkuta kwenye episodi inayofuata, anasema "nataka nione kama wamejuta".

#29 Chale wa Mvita
😂😂 Na wamejuta?

#30 Ugenini Maskati
Anasema bado anachunguza.

#31 Kivu Safi
Jambo wote. Sisi Bukavu tunaangaliaka zile za sauti ya Kifaransa. Ile heshima ndugu wa Korea anaeleza, kwa Kifaransa inaonekanaka: mbele ni "vous", kisha siku moja inakuwa "tu". Siku ile dada yangu aliangusha sufuria.

#32 Mbongo Daejeon
Kivu Safi, HIYO ndiyo nilikuwa naitafuta! Kiingereza kinaiua.

#33 Fundi Saa
Sasa Kiswahili ingetafsiriwaje? Nimemuuliza mama mkwe. Kasema rahisi tu: mwanzo amwite "bosi", katikati amwite "baba", mwisho amwite "we Juma". Nikamwambia anaitwa Young-joon. Akasema kwake ni Juma tangu episodi ya kwanza, na Mi-so ni Mishi.

#34 Bi Mkubwa Kikwajuni
Juma na Mishi! Huyo mama apewe uzi wake mwenyewe.

#35 Nyundo
Huyo amempita mpaka marehemu Lufufu. Mnamkumbuka? Movie ya Kihindi ya saa tatu, yeye anaweka maneno yake, steringi anaitwa jina la mtu wa Manzese. Wale wa Kenya mna DJ Afro. Kutafsiri ni kuhamisha mtu kwao, si maneno.

#36 Jogoo la Shamba
Narudi kwenye hoja kabla hamjahamia Manzese. Hakuna aliyejibu: kama si hela, mbona hakuna hata moja ambapo BOSI ni maskini na mapenzi yananoga?

#37 Kipepeo Mweusi
"Forecasting Love and Weather", JTBC, 2022. Park Min-young huyo huyo, safari hii bosi ni yeye, mtumishi wa serikali idara ya hali ya hewa. Hakuna jumba. Mapenzi na kijana wa chini yake kazini, Song Kang. Ugomvi wao mwingine ni kama mvua itanyesha au la.

#38 Jogoo la Shamba
Na ilikuwa na watu kama Secretary Kim?

#39 Kipepeo Mweusi
...hapana.

#40 Jogoo la Shamba
Asante.

#41 Sukari Guru
Mimi nadhani ni chakula. Msinicheke. Nimeangalia "Business Proposal" yote (SBS, 2022, episodi 12, Kim Sejeong na Ahn Hyo-seop) na nilichokumbuka ni kuku wa wazazi wa Shin Ha-ri. Binti anafanya utafiti wa vyakula kwenye kampuni, anaenda kukutana na mchumba wa kutafutiwa badala ya rafiki yake ili amchefue amkatae, kumbe ni mkuu wa kampuni yake mwenyewe! Anajipa jina la uongo. Lakini akirudi nyumbani, wazazi wana kibanda cha kuku wa kukaanga. Bosi anakuja kukaa pale pale penye harufu ya mafuta. Kwetu mchumba tajiri angekutanishwa na wazazi hotelini, kwa mchango wa kamati.

#42 Mwana wa Makorora
Na yule msaidizi wa bosi, Cha Sung-hoon, anavua miwani kwanza ndipo ambusu Young-seo. Tangu siku ile mke wangu ananiambia nivae miwani. Macho yangu ni mazima!

#43 Dada Masijala
Vaa mkuu, ni shilingi ngapi.

#44 Bi Mkubwa Kikwajuni
Kwenye hiyo nampenda babu. Babu wa bosi, mwenyekiti mzima, anafuatilia tamthilia kama sisi. Wakorea wanajua wanachotufanyia, wametuchora humo humo ndani.

#45 Mbongo Daejeon
Ya mwisho kutoka kwangu, nina mtihani. Mwenzangu wa maabara, Mkorea, miaka 31, nilimuuliza swali la Fundi Saa. Akanijibu kwamba hajawahi kuwa na muda wa kupenda mtu nje ya kazi, kwa hiyo kama mapenzi yapo, itabidi yawe kazini, na kazini kwake wote wameoa au wanalala. Nchi hii mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke. Sisemi tamthilia ndiyo sababu. Nasema jamaa alikuwa anakula tambi za kikombe saa tano usiku huku anaangalia watu wanapendana ofisini, na sisi wenyewe tulikuwa ofisini.

#46 Jogoo la Shamba
Hiyo imeniuma. Lakini bado ni hela.

#47 Fundi Saa
Mrejesho wakuu. Nimemaliza 16. Nilimaliza peke yangu juzi usiku, simu chini ya shuka, sauti nimezima nasoma manukuu. Jana tukakaa wote sebuleni kuangalia ya 12, ikafika sehemu fulani mimi nikacheka SEKUNDE MOJA kabla ya kichekesho.

Mke wangu hakusema kitu. Alisimamisha picha, akanigeukia, akaniangalia kwa muda mrefu sana. Mama mkwe akasema, "Mishi, huyu ameshatangulia."

Niko kazini sasa hivi. Ujumbe wake wa mwisho ni "sawa". Sina hakika kama ni ya heshima au ya kawaida.

#48 Kipepeo Mweusi
Nilikuonya #3.

#49 Sukari Guru
Rudi na kuku wa kukaanga mkuu. Na usivae suruali mbichi.

#50 Chale wa Mvita
Jamani kabla uzi haujafungwa, yuko mwenye Business Proposal yenye manukuu yanayosomeka? Niliyowekewa mimi kwenye flashi yamewahi dakika mbili, mtu ajibiwa kabla hajauliza.